Kabla ya Kuitwa Kosta Ilikuwa Kitako cha Kiondo

Ukisema kosta hapa kwetu, watu wengi wanafikiria gari la abiria. Si hilo. Naongelea kile kiduara kidogo kinachowekwa chini ya kikombe ili meza isipate alama. Na leo nataka kubishana na wazo moja ninalokutana nalo kila mara: eti kosta ni mambo ya wazungu na watu wa Nairobi wenye meza za kioo, halafu mama wa Kitui au Makueni anayetengeneza kosta za katani anaiga tu ili auze.

Mimi nasema hapana. Wenye wazo hilo wameisoma hadithi kutoka mwisho. Twende pole pole, kwa sababu ndani ya hicho kiduara kuna historia ya zaidi ya miaka mia moja, na pia kuna pesa ambayo mtu fulani hajalipwa.

Anza na mikono. Kama umewahi kukaa karibu na susu akianza kufuma kiondo, au kyondo kama tunavyokiita Kikamba, unajua hakuna anayeanzia juu. Anachukua kamba chache za katani, anazipanga zikatane katikati kama msalaba, kisha anaanza kuzungusha uzi mwingine, mmoja juu mmoja chini, raundi baada ya raundi. Duara likipanuka anaongeza kamba mpya ili mapengo yasionekane. Kinatoka kitu bapa, cha mviringo, kizito kidogo mkononi. Kikifika upana anaoutaka, ndipo anazikunja zile kamba zisimame, na ukuta wa kiondo unaanza kupanda.

Sasa msimamishe pale raundi zikifika upana wa kiganja. Mwambie afunge kingo. Umepata nini? Kosta. Hakuna mtu aliyeenda kusomea kozi. Kila kiondo kilichowahi kufumwa Ukambani kilipitia hatua hiyo, kikakaa dakika chache kikiwa kosta, halafu kikaendelea na safari yake. Kosta ni kiondo kilichoambiwa kisimame.

Kwa hivyo swali la historia si nani alituletea kosta. Swali ni nani alimwambia mfumaji asimame pale, na kwa nini.

Zamani hakukuwa na sababu ya kusimama. Fikiria nyumba ya Mkamba kabla ya meza. Chungu cha udongo kina kitako cha mviringo, na kibuyu vilevile. Ukikiweka sakafuni hivi hivi kinayumba na kumwaga kila kitu. Kinataka mafiga, au shimo dogo kwenye mchanga, au pete ya nyasi iliyosokotwa. Uji unanyweka kwenye kibuyu kilichokatwa, na kaluvu, ile pombe ya asali ya wazee, inatoka kwenye kibuyu kwenda kwenye kibuyu. Mzee ana kigoda chake cha miguu mitatu, vingine vikiwa vimepambwa kwa waya wa shaba uliopigwa ndani ya mti. Kigoda ni cha kukalia. Kikombe chako unakishika mkononi mpaka kiishe.

Katika nyumba kama hiyo, kitu kilichohitaji kukingwa kilikuwa kinywaji chenyewe, kisimwagike. Kuikinga meza dhidi ya kinywaji ni wazo lililongoja mpaka meza ifike.

Kiondo nacho kilikuwa cha kazi. Kilibeba nafaka, mbegu na viazi, na kilibebwa mgongoni kwa mshipi unaopita kwenye paji la uso. Mikanda ya ngozi ya kuning'iniza begani ilikuja baadaye, soko la mjini na la watalii lilipoanza kupiga hodi. Shika hapo kwanza, kwa sababu hicho ndicho kisa chote kwa ufupi: mnunuzi akibadilika, kiondo kinabadilika umbo.

Hata uzi umebadilika. Watu wengi wanadhani katani ni yetu tangu Adamu. Mkonge ni mgeni, ndugu zangu. Asili yake ni Mexico, na jina ambalo dunia inaliita limetokana na bandari ya Sisal kule Yucatán. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche kama 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg hadi pwani ya Tanganyika. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutoka kwa hiyo 62 yakazaliwa mashamba ya Tanga, na mwanzoni mwa karne ya 20 mkonge ukavuka mpaka kuja Kenya. Ukipita Kibwezi leo utaona shamba la Dwa, mistari ya mkonge imenyooka mpaka macho yanachoka.

Kabla ya hapo susu za susu zetu walifuma kwa nyuzi za magome, hasa gome la mbuyu, ule tunaouita mwamba. Mbuyu una tabia nzuri: ukiubandua gome kwa heshima unaota lingine, haufi. Ndiyo maana Kibwezi na sehemu za Kitui utaona mibuyu yenye makovu mapana kuzunguka shina. Hayo makovu ni rekodi. Mtu alisimama pale na kisu akatoa uzi wa kiondo.

Mkonge ukashinda kwa sababu rahisi. Ulipandwa mipakani mwa mashamba kama ua, hauogopi jua, na ukati wake ni mrefu. Mama hakuhitaji tena kutembea hadi kwenye mbuyu. Alikata jani mpakani, akalikwangua kwa kisu juu ya ubao, akaosha, akaanika, akasokota nyuzi juu ya paja. Muulize mama yeyote aliyefuma miaka mingi akuonyeshe paja lake. Ngozi pale imekuwa ngumu. Hilo nalo ni rekodi.

Sasa tuilete meza.

Mwaka 1849 mmishonari Johann Ludwig Krapf alifika Kitui kwa Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa wa misafara ya pembe, na ni akiwa Kitui ndipo alipouona Mlima Kenya. Mwaka 1891 misheni ya Waskoti ikaanza Kibwezi, kabla ya kuhamia Ukikuyu mwaka 1898. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott akafungua kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission pale Nzaui, Makueni, na alifariki mwaka uliofuata. Reli nayo ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ikapitia Kibwezi na Makindu, ikafika Nairobi mwaka 1899.

Misheni hazikuleta Biblia peke yake. Zilikuja na wazo la nyumba ya Kikristo: madirisha, kitanda, meza, viti, kikombe chenye mkono na kitako bapa. Baadaye serikali ya mkoloni ikaongeza yake. Mwaka 1952 ikaanzishwa Maendeleo ya Wanawake, na kwenye vikundi vyake akina mama walifundishwa usafi, mapishi, kushona na kufuma kwa sindano. Kumbuka mwaka wenyewe: 1952 ndio hali ya hatari ilitangazwa. Hiyo sindano ilikuja na siasa zake. Mama anayeshona kitambaa cha meza, kwa macho ya serikali, ni mama asiyekula kiapo.

Lakini akina mama wetu si watu wa kupokea kitu kama kilivyo. Walichukua ile sindano wakaifanya yao. Ndiyo maana mpaka leo ukiingia sebule ya mtu Wote, Mwingi au Mutomo, unapokelewa na vitambaa: juu ya sofa, juu ya televisheni, juu ya meza, vingine juu ya kitambaa kingine. Sisi vijana tunavicheka mtandaoni, tunatengeneza vichekesho kuhusu vitambaa vya mama. Cheka, lakini ujue unachokicheka. Kwa kizazi kile kitambaa kilikuwa ushahidi kwamba nyumba hii ina meza, ina chai, na ina mtu aliyepata muda wa kukaa chini akatengeneza kitu kizuri. Chai ya maziwa ilipokuwa ndicho kinywaji cha mgeni, kitambaa kikawa chini ya kikombe. Hiyo ndiyo kosta ya kwanza iliyoenea kwenye sebule zetu. Haikuitwa hivyo tu.

Na huko Ulaya tunakodhani kila kitu kilitoka? Huko nako kosta ina hadithi ya kuchekesha. Katika karne ya 18 matajiri wa Uingereza walikuwa na desturi kwamba chakula kikiisha, kitambaa kinaondolewa mezani, watumishi wanatoka, na wageni wanasukumiana chupa ya mvinyo wenyewe kwa wenyewe. Chupa ikikwaruza mbao ghali ni hasara. Wakaiwekea kisahani cha fedha au cha mti ili iteleze kuzunguka meza. Kwa hivyo kosta ya kwanza ya Mwingereza haikukalia kikombe, ilibeba chupa.

Ile ya karatasi ni ya Wajerumani. Mwaka 1880 mwenye kiwanda cha uchapaji, Friedrich Horn, karibu na Magdeburg, alianza kukata vipande vya kadibodi vya kuwekea bia. Mwaka 1892 Robert Sputh wa Dresden akapata hataza ya kutengeneza vingine kwa rojo ya mbao, vinavyofyonza maji vizuri zaidi.

Umeona? Mwingereza alikuwa analinda meza ya tajiri. Mjerumani alikuwa anafuta povu la bia. Susu alikuwa anaanza kiondo. Watu watatu, sababu tatu, duara moja. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Soko ndilo lilikuja baadaye likawapa wote jina moja.

Na soko lilifikaje kwa susu? Kwa mlango wa shida.

Miaka ya vita vya pili vya dunia, Japani ilipoteka Ufilipino, nchi za Magharibi zilikosa katani ya Manila, na mkonge wa Afrika Mashariki ukawa dhahabu. Bei ikapanda tena wakati wa vita vya Korea. Baadaye, miaka ya 1960, kamba za plastiki zikaja kwa nguvu na bei ya mkonge ikaporomoka. Mikonge ikabaki mipakani, hakuna anayeinunua kwa bei ya maana. Lakini jani linalodharauliwa na kiwanda bado linaweza kufumwa na mtu.

Miaka ya 1970 na 1980 kiondo kikawa fasheni nje. Kikapata mikanda ya ngozi, zipu, rangi kali, kikavuka bahari. Kwa familia nyingi za Ukambani, mvua ikikataa na mahindi yakikauka, kiondo ndicho kilichokuwa shamba la pili. Akina mama walifuma wakitembea kwenda sokoni, wakifuma kanisani kabla ibada ianze, wakifuma kwenye vikundi vya mwethya baada ya kuchimba matuta. Karo ngapi zimelipwa hivyo? Mimi mwenyewe daftari zangu za shule ya msingi zilitoka kwenye vidole vya susu. Chuo ndicho kilichozidi vidole vyake, na ndiyo maana niko hapa nikiwaandikia badala ya kukaa darasani.

Halafu viwanda vya Asia vikaanza kutoa vikapu vya kuiga kwa mashine, bei ya chini, na soko la nje likabanwa. Mnamo tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, wengi tulisema sasa kiondo kimerudi. Kilirudi kidogo, kwenye mabega ya wasichana wa mjini. Dukani na sokoni nafasi ile kubwa ilichukuliwa na mifuko ya bei rahisi isiyofumwa na mtu yeyote.

Hapo ndipo kosta inapoingia. Mnunuzi anasema kiondo ni ghali, ni kikubwa, hakiingii kwenye sanduku la ndege. Nifanyie kitu kidogo. Mama anasimama kwenye kitako. Anafunga kingo. Anatoa sita, anazifunga kwa uzi, zinaenda kwenye duka la zawadi.

Wengine wanaona hilo ni jambo la huzuni, sanaa imepunguzwa. Mimi naona kitu kingine, na hapa naomba utulie maana kuna hesabu.

Chukua kosta ya sentimita 10 kutoka upande hadi upande. Eneo lake ni kama sentimita za mraba 78. Sasa chukua kiondo cha kawaida, tuseme kitako ni sentimita 25 na urefu kwenda juu sentimita 25. Kitako peke yake ni kama 490. Ukuta ni kama 1,960. Jumla 2,450. Gawanya kwa 78. Jibu: kama 31.

Kiondo kimoja ni kosta 31. Kamba zilezile, mikono ileile, paja lilelile.

Sasa nenda na hiyo namba dukani. Kama kosta moja inauzwa shilingi 100, na wewe unainunua bila kulalamika kwa sababu ni kitu kidogo kizuri, basi kiondo kwa hesabu hiyohiyo ni shilingi 3,100. Kabla hujahesabu mikanda. Kabla hujahesabu nauli. Lakini broka akifika kijijini na shilingi 500 kwa kiondo kizima, anasema bei ya soko. Soko gani? Hiyo ni bei ya kosta tano. Hizo 26 zilizobaki zimefumwa na nani, na kwa nini hazikulipwa?

Ni kweli hesabu haikai sawasawa kabisa. Kosta 31 zina mianzo 31 na kingo 31, na kumaliza kingo ndiyo kazi inayokula muda. Kwa hivyo punguza. Punguza robo, punguza hata nusu ukitaka. Bado unabaki na zaidi ya shilingi 1,500, na bado mama hajalipwa.

Hiyo ndiyo sababu naipenda kosta. Ni kipimo. Kwa miaka mingi kiondo kilikuwa kitu kizima, huwezi kujua raundi ngapi zimo ndani, kwa hivyo mtu anataja bei yoyote na mama anakubali kwa sababu jua linatua na basi linaondoka. Kosta imeikata ile kazi vipande vidogo vinavyohesabika. Kwa mara ya kwanza mfumaji anaweza kusema: hii ni moja, ina bei, na kile ni hizi nyingi. Kikundi cha akina mama kikikaa chini ya mti na kosta moja na kiondo kimoja, wanaweza kupanga bei yao wenyewe kabla broka hajafika. Hakuna digrii inayohitajika hapo. Kinachohitajika ni futi ya shule na mtoto mmoja anayejua kuzidisha.

Na kwa wenzangu wenye vidole vya simu tu: jaribu kufanya moja nyumbani. Si lazima ikae vizuri. Nunua katani iliyosokotwa tayari sokoni, au uombe kwa jirani mwenye mkonge. Kata kamba nane za urefu wa sentimita 20 hivi. Panga nne zikatane na nne katikati. Chukua uzi mrefu, ukunje mara mbili, ushike kamba ya kwanza katikati ya huo mkunjo, kisha pishanisha nyuzi mbili, moja mbele moja nyuma, ukizunguka. Vuta kwa nguvu, raundi za mwanzo zikilegea kosta yote inapanda kama kofia. Ukiona pengo, chomeka kamba mpya. Ukifika upana wa kikombe na ukingo wa kidole kimoja, rudisha ncha za kamba ndani ya ufumaji, kata zilizobaki.

Raundi ya tatu vidole vitauma. Raundi ya sita utaanza kumheshimu mtu.

Ukiitumia, itumie kama kitu cha nyumbani, usiiweke kabatini kungoja wageni. Katani inafyonza maji ya glasi baridi, na inazuia joto la kikombe cha uji lisifike kwenye vanishi, maana ile alama nyeupe ya duara mezani ni joto na mvuke vilivyoingia kwenye vanishi. Ikilowa, ianike. Ukiiacha na unyevu itaota ukungu, na rangi ya bei rahisi inaweza kuchafua kitambaa cha mama, halafu hapo historia yako itaishia.

Kitui na Makueni tumezoea kusikia habari zetu zikianza na ukame na kumalizikia kwa msaada. Hiki kiduara kina habari nyingine: gome la mbuyu, miche 62 iliyonusurika baharini, sindano ya 1952, na mama aliyechukua kila kilicholetwa akakizungusha mpaka kikawa chake. Ukikutana naye sokoni Jumatatu, usimuulize atakupunguzia ngapi. Muulize kiondo kile ni kosta ngapi, halafu lipa.